Steringi ni nani?

Swali: Mimi ni mwalimu wa Historia katika sekondari moja wilayani Korogwe. Mwaka huu tumepata projekta, tukaanzisha klabu ya filamu kila Ijumaa baada ya vipindi. Muhula ujao nataka tuangalie filamu zinazogusa ubaguzi wa rangi. Mwalimu mwenzangu anashauri tuonyeshe filamu za makala tu, yaani zile za watu na matukio halisi, kwa kuwa hizo ndizo ukweli, na zile za kuigiza tuwaachie vijana wakaangalie nyumbani. Hoja yake hainiingii akilini, ila sijui niijibuje. Je, ni kweli makala husema ukweli kuliko filamu ya kuigiza? Na ungenishauri nianze na zipi?

Jibu: Mwalimu, pole na majukumu. Una sababu ya kuitilia shaka hoja ya mwenzako, na ushahidi wa kumjibu huna haja ya kuufuata mbali. Upo hapo hapo mlimani kwenu.

Kati ya mwaka 1935 na 1937, Vugiri ilikuwa makao ya mradi wa filamu ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment. Wenye mradi walikuwa wamisionari wa International Missionary Council, fedha nyingi zilitoka Carnegie Corporation ya New York, na upigaji picha ulisimamiwa na Mwingereza mmoja, Meja Notcutt. Zilitengenezwa filamu 35. Walioigiza ni wenyeji, sauti ikawekwa kwenye santuri, na lori likazizungusha Tanganyika, Kenya, Uganda, mpaka Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland (Zambia na Malawi za leo). Zilifundisha safura inavyoingia mwilini, kahawa inavyouzwa, na kwa nini mtu aweke akiba Posta. Katika moja yao jamaa anazika fedha zake ardhini na mwizi anazifukua, huku mwenzake aliyezipeleka Posta akichekelea.

Sasa uongo uko wapi hapo? Safura ipo. Wezi wapo. Ila Mwafrika ndani ya filamu zile ana nafasi mbili tu: mjinga, au mwanafunzi mzuri wa Mzungu. Kwa nini fedha ya mtu wa Usambara ni kidogo kiasi cha kutosha kwenye shimo, na ardhi nzuri ya bondeni imekuwaje mkonge wa mgeni, hayo hayakuwa maswali ya kamera ile. Kila picha ni ya kweli, na jumla yake ni ubaguzi. Baadaye kidogo William Sellers, aliyeongoza Colonial Film Unit, kitengo cha Waingereza cha filamu za makoloni kilichoanzishwa London mwaka 1939, alishikilia kwamba Mwafrika hawezi kufuata filamu yenye mikato ya haraka, kwa hiyo atengenezewe picha ndefu, za polepole, zisizo na ujanja. (Leo mtoto wa darasa la tatu Manzese anafuata filamu ya Kichina inayotafsiriwa juu kwa juu na DJ, na ukimuuliza anakusimulia yote na ziada. Natamani Sellers angekaa naye kwenye benchi.)

Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza ni hapana. Makala si ukweli kwa sababu tu ni makala. Aliyeshika kamera kachagua aielekeze wapi, aliyekata picha kachagua kipi kifuate kipi, na aliyeandika maelezo kachagua uelewe nini. Mwongozaji wa filamu ya kuigiza anafanya hayo hayo, tofauti ni kwamba yeye anakiri.

Tuliokulia kwenye mabanda ya video tulikuwa na swali moja kabla kanda haijaanza kuzunguka: steringi ni nani? Ukishamjua steringi, yule shujaa mkuu wa filamu, umejua nani hafi, nani umwonee huruma, na nani akipigwa risasi ushangilie. James Baldwin, yule mwandishi Mmarekani mweusi, alieleza jambo hilo kwa uchungu. Utotoni alimshangilia Gary Cooper akiwaua Wahindi Wekundu kwenye filamu, hadi siku moja akang'amua kwamba Wahindi wale ni yeye. Raoul Peck ameiweka habari hiyo ndani ya makala yake *I Am Not Your Negro* ya 2016, iliyojengwa juu ya kurasa kama 30 za kitabu ambacho Baldwin hakukimaliza, kuhusu rafiki zake watatu, wapigania haki za weusi Marekani, waliouawa: Medgar Evers, Malcolm X na Martin Luther King. Peck ni mtu wa Haiti, lakini sehemu ya utoto wake aliishi Kongo, Léopoldville ya wakati ule (Kinshasa ya leo), na ndiye aliyetengeneza filamu ya kuigiza kuhusu Lumumba mwaka 2000. Mtu mmoja, njia mbili, hasira ile ile. Hilo nalo mwambie mwenzako.

Chukua swali la steringi uende nalo kwenye *Cry Freedom* ya Richard Attenborough, ya 1987. Bango lake linakuambia ni habari ya Steve Biko, mpigania haki mweusi wa Afrika Kusini. Denzel Washington anamwigiza Biko vizuri hadi nywele zinasisimka. Halafu, filamu ikiwa katikati, Biko anafia mikononi mwa polisi, kama ilivyotokea kweli Septemba 1977. Saa nzima na zaidi inayobaki tunakimbizana na Donald Woods, mhariri Mzungu rafiki yake, akitoroka kwenda Lesotho amevaa kama padri. Ungeionyesha bandani kwetu watu wangedai kiingilio chao. Steringi kafa, mnatuonyesha nini tena? Na wangekuwa wameona kitu ambacho wahakiki wa magazeti walihitaji kurasa nyingi kukisema: steringi tangu mwanzo hakuwa Biko. Biko alikuwa somo, na mwanafunzi wa somo hilo ni Woods, na nyuma ya Woods ni mtazamaji wa London na New York.

Hata hivyo nisiidhulumu. Mwishoni majina ya watu waliofia kizuizini Afrika Kusini yanapita mbele yako pamoja na sababu walizotoa polisi: kajinyonga, kateleza bafuni, kaanguka dirishani. Ni mojawapo ya miisho mizito niliyowahi kuona. Na serikali ya makaburu iliiogopa. Julai 1988 bodi yao yenyewe ya ukaguzi ilikuwa imeiruhusu, lakini polisi wakaingia kwenye majumba ya sinema siku ya kuonyeshwa na kuzikamata kanda. Filamu yenye kasoro nayo inaweza kumnyima mtu usingizi.

Linganisha na *A Dry White Season*, ya 1989. Mwongozaji ni Euzhan Palcy, mwanamke mweusi kutoka Martinique, wa kwanza mweusi wa kike kuongoza filamu ya studio kubwa ya Hollywood. Kabla ya kuitengeneza aliingia Soweto kwa siri akawasikiliza wenyewe. Nayo ina mwalimu Mzungu katikati, lakini Palcy haruhusu familia ya mtunza bustani mweusi iwe pambo. Mateso yao hayapo ili Mzungu apate akili. Na mwalimu yule akishapata akili, hapongezwi. Jamaa zake wanamtenga, na mlango wa nyumba ya Mwafrika haufunguki kirahisi kwa sababu tu amekuja na machozi. Kwa darasa lako ningeichagua hii kabla ya ile ya Attenborough. Ina picha kali za watoto kupigwa, kwa hiyo iangalie mwenyewe kwanza.

Wanafunzi wako watakutajia *Green Book*, hiyo hawaikosi. Ilipata Oscar ya filamu bora mwaka 2019. Mpiga piano mweusi Don Shirley anazungushwa majimbo ya Kusini ya Marekani na dereva wake Mtaliano, wanagombana, wanakula kuku, wanakuwa marafiki. Inachekesha, imeigizwa vizuri, mimi mwenyewe nimeiangalia mara mbili. Lakini uliza nani anasimulia. Mmoja wa walioiandika ni mtoto wa yule dereva. Ndugu zake Shirley walilalamika hadharani kwamba mtu wanayemwona pale siye wanayemjua. Na kitabu kilichoipa filamu jina, kilichokuwa kikitolewa tangu 1936 na Victor Green, tarishi wa Posta wa New York, ili msafiri mweusi ajue wapi atalala na wapi atajaza mafuta bila kudhuriwa, kinaonekana kidogo mno. Kilikuwa kimebeba habari ya ubaguzi kama mpango mzima: barabara, hoteli, polisi, sheria za miji iliyotaka weusi watoke kabla jua halijazama. Filamu inaufanya ubaguzi kuwa tabia ya mtu mmoja, na tabia hutibika kwa urafiki ndani ya gari.

Karibu miaka 30 kabla yake ilikuwa hivyo hivyo. Mwaka 1990 tuzo hiyo ilienda kwa *Driving Miss Daisy*, habari nyingine ya gari, dereva na urafiki. *Do the Right Thing* ya Spike Lee haikuingia hata kwenye orodha ya walioshindania filamu bora. Ile ya Lee inatokea mtaa mmoja wa Brooklyn, siku moja ya joto kali. Kuna duka la piza la Mtaliano lenye ukuta wa picha za Wataliano maarufu, na wateja weusi wanaouliza mbona picha zetu hazipo. Kufikia usiku polisi wamemnyonga kijana anayeitwa Radio Raheem, na Mookie, mfanyakazi wa duka lile, amelirusha pipa la taka likavunja kioo cha tajiri wake. Lee amesema kwamba watu humuuliza mara kwa mara kama Mookie alitenda sawa, na hajawahi kuulizwa hivyo na mtu mweusi. Lile swali linahesabu kioo. Anayeuliza ameshamsahau aliyekufa. Filamu nzima imefungwa ndani ya mtego huo, na ni ya kuigiza tupu, haina dakika moja ya makala. Lugha yake ni chafu mno kwa kidato cha tatu, lakini kwa walimu wenzako jioni moja, ionyeshe.

Kuna jambo la ufundi ambalo nataka vijana walione kwa macho, kwa sababu ubaguzi katika filamu haukai kwenye maneno tu, unakaa kwenye mikato, yaani picha ipi inafuata ipi. Mwaka 1915 D. W. Griffith alitoa *The Birth of a Nation*, iliyowafanya Ku Klux Klan, kundi la Wazungu lililokuwa likiwatesa na kuwaua weusi, kuwa mashujaa. Ilionyeshwa Ikulu ya Rais Wilson, na mwaka huo huo Klan ikafufuliwa. Nguvu yake ilikuwa kwenye kukatisha kati ya sehemu mbili: msichana Mzungu yuko hatarini, wapanda farasi wanakuja, msichana, farasi, msichana, farasi, mpaka moyo wako unawaombea wauaji wafike upesi. Mwaka 1920 Oscar Micheaux, mweusi aliyekuwa akitengeneza filamu kwa fedha za kuungaunga, alijibu kwa *Within Our Gates*. Akachukua mbinu ile ile akaigeuza. Upande mmoja Wazungu wananyonga familia ya weusi. Upande wa pili, wakati huo huo, Mzungu anajaribu kumbaka binti wa familia hiyo. Hakuna farasi wanaokuja. Filamu hiyo ilipotea kwa miongo mingi, nakala moja ikaonekana Hispania, na mwaka 1993 maktaba ya Bunge la Marekani ikaikarabati. Haina sauti, na umri wake unairuhusu kuonyeshwa bure. Sehemu hiyo peke yake inatosha kipindi kizima.

Nirudi kwenye makala, kwa sababu kuna moja ambayo lazima nikuonye juu yake. Vijana wataikuta mtandaoni, wataipata vipande vipande, na inatuhusu sisi. *Africa Addio*, ya Waitaliano Jacopetti na Prosperi, ilitoka 1966. Ndani yake kuna picha za Zanzibar Januari 1964, zilizopigwa kutoka angani siku chache baada ya mapinduzi: safu za watu, miili imelala ufukweni na makaburini. Watu waliuawa, hilo halina ubishi. Ndiyo maana filamu hii ni hatari kuliko uongo wa moja kwa moja. Inachukua msiba wa kweli na kuupa msimulizi ambaye Afrika kwake ni mtoto aliyetelekezwa na mlezi wake Ulaya, na sasa anajiharibia. Ukoloni wenyewe, pamoja na namna ulivyowapanga watu wa Visiwa kwa kabila na rangi, hauonekani. Mhakiki wa Marekani Roger Ebert aliiita ya kikatili, isiyo na uaminifu na ya kibaguzi. Huko Berlin Magharibi watu waliandamana ilipoonyeshwa. Kuhusu picha za Kongo, Jacopetti alituhumiwa kwamba mauaji yalipangwa ili kamera iwe tayari. Akachunguzwa na vyombo vya sheria vya Italia, akasafishwa.

Usiionyeshe darasani. Tanga na Zanzibar ni pua na mdomo, na huenda kuna mtoto kwenye benchi lako ambaye babu yake yumo kwenye picha zile, upande huu au ule. Lakini wakikuletea kwenye simu, usiwafukuze. Zima sauti, waulize wanaona nini. Kisha washa sauti, waulize wameambiwa waone nini. Zoezi hilo moja linazidi mihadhara yangu yote.

Kwa upande wa pili ipo *Last Grave at Dimbaza*, ya 1974. Ilipigwa kwa siri ndani ya Afrika Kusini, ikatoroshwa nje, na nyuma yake alikuwepo Nana Mahomo, mpigania uhuru wa chama cha PAC (Pan Africanist Congress) aliyekuwa uhamishoni. Nayo ina miili, nayo ina msimulizi. Tofauti ni kwamba kila takwimu inayosemwa imefungwa kwenye picha unayoiona: mshahara wa mweusi na wa mweupe, bweni na nyumba ya bwawa la kuogelea, yaya anayelea mtoto wa mwenzake wakati wake yuko mbali. Mwisho ni makaburi ya watoto huko Dimbaza, na mengine yamechimbwa tayari, yanasubiri.

Na kuna zile zinazokataa kuwekwa kwenye kapu lolote. Lionel Rogosin, Mmarekani, aliwaambia wakuu wa Afrika Kusini kwamba anatengeneza filamu ya muziki, akaenda Sophiatown, mtaa wa weusi Johannesburg, wakati inabomolewa na kutengeneza *Come Back, Africa*, 1959. Watu wanaigiza maisha yao wenyewe, mitaani mwao wenyewe, kwa hadithi iliyoandikwa pamoja na waandishi weusi Lewis Nkosi na Bloke Modisane. Binti mmoja anaingia kilabuni akaimba, ni Miriam Makeba, kabla dunia haijamjua na kabla sisi hatujamsikia kwenye "Malaika". Mwenzako aniambie hiyo ni makala au ni ya kuigiza.

Sasa uanze na ipi? Mimi ningeanza na *Mississippi Masala* ya Mira Nair, 1991. Kwa sababu filamu zote nilizotaja zinampa mwanafunzi wa Korogwe nafasi ya kukaa upande wa haki bila jasho. Mbaguzi ni Mzungu, yuko mbali, sisi tunamhukumu. Hii inaanzia Kampala, 1972, Idi Amin amewapa Waasia siku 90. Jay ni wakili Mhindi aliyezaliwa Uganda, na rafiki yake wa tangu utoto, Okelo, ndiye anayemwambia kwamba sasa Afrika ni ya Waafrika weusi. Wanaishia Mississippi kwenye moteli. Binti yake Mina akipendana na Demetrius, kijana mweusi msafisha mazulia (Denzel tena), Wahindi wale wale waliokuwa wakimwambia "sisi watu wa rangi tushikamane", maana Mina alikuwa ameligonga gari lake na waliogopa asiwashitaki, wanageuka, na biashara yake inakauka. Hakuna malaika mle. Jay ana jeraha la kweli na ni mbaguzi wa kweli, vyote ndani ya koti moja. Nair alipokuwa Kampala kwa utafiti ndipo alipokutana na Mahmood Mamdani, mmoja wa waliofukuzwa mwaka ule, aliyewahi kufundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wakaoana, na Nair akaanzisha Maisha, mafunzo ya filamu kwa vijana wa Afrika Mashariki.

Baada ya filamu, usiwaulize kuhusu Mississippi. Waulize duka gani la mjini kwenu, nani anakaa kwenye mashine ya fedha na nani anabeba magunia, na nyumbani wanasemaje dada akiletewa posa na mtu wa rangi nyingine. Watacheka kwanza, halafu kutakuwa kimya. Usiwaokoe na kimya hicho upesi. Kuna mapenzi ya kitandani baada ya katikati, kwa hiyo jua mapema mahali pa kuruka, la sivyo mkuu wa shule atapiga simu.

Kiingereza chake si kigumu, lakini usione haya kusimamisha na kutafsiri. DJ wa bandani alifanya hivyo miaka yote na hakuna aliyemwita mharibifu.

Umalizie muhula na *Get Out* ya Jordan Peele, 2017. Ni ya kutisha, wataipenda, na ubaguzi wake hautukani mtu: unatabasamu, unasifia misuli yako, unakukaribisha chai. Mwanzoni kabisa kuna wimbo uliotungwa na Michael Abels, unaitwa "Sikiliza Kwa Wahenga". Ni Kiswahili. Sisi tungesema "wasikilize wahenga", lakini tuwasamehe. Sauti za wahenga zinamwonya Chris, kijana mweusi ambaye ndiye steringi, akimbie, na ndani ya filamu hakuna anayezielewa. Amerika nzima ilikaa sinema ikausikia kama mnong'ono wa ajabu. Darasa lako litaelewa kabla ya Chris mwenyewe, kwa hiyo kama spika za projekta yenu ni mbovu, azimeni za kanisani au za kwaya kabla ya Ijumaa hiyo.